Mkondo unarukaruka: je, nyuzi ni mbovu?

SWALI: Niko Sinza, Dar es Salaam, ni mwanafunzi wa uzamili. Tumeotesha nyuzi nano (nyuzi nyembamba mno) za kabaidi ya hafniamu, yaani hafniamu iliyoungana na kaboni, kwa mvuke wa kloridi ya hafniamu, metheni na hidrojeni, kichocheo kikiwa nikeli. Tukipima utoaji wa elektroni, yaani mkondo unaong'olewa kwenye ncha za nyuzi kwa volteji, katika ombwe (nafasi iliyoondolewa hewa) la paskali 10⁻⁴, mkondo unaruka ovyo, kisha unafifia ndani ya dakika 20. Tuzitupe?

JIBU: Msizitupe, mdogo wangu. Anzeni na ombwe. Kwa paskali 10⁻⁴, uso safi hufunikwa na molekuli za hewa na maji ndani ya sekunde chache. Kabaidi ya hafniamu inathaminiwa kwa sababu elektroni hung'oka kwa nishati ya takriban elektroni-volti 3.4, ilhali tungsteni hudai 4.5. Molekuli ikitua kwenye ncha, kizingiti hicho hubadilika, na mkondo huongezeka au kupungua maradufu kwa badiliko dogo tu. Moja inatua, nyingine inang'oka. Ndiyo hiyo mishale ya mita mnayoiona ikicheza.

Kufifia ni jambo jingine, na hapo nashuku oksaidi, yaani hafniamu iliyoshikana na oksijeni. Kloridi ya hafniamu haivumilii unyevu hata kidogo. Fungua chupa mezani wakati wa masika, utaona moshi mweupe na pua itawasha. Hiyo ni asidi ya haidrokloriki, na unga uliobaki chupani tayari umebeba oksijeni hadi kwenye tanuri. Unga huo upimieni uzito ndani ya kisanduku cha glavu (kisanduku kilichozibwa, mikono huingia kwa glavu) chenye gesi kavu ya agoni. Hilo ningelifanya kabla ya yote.

Tazameni pia ncha kwa hadubini ya elektroni. Kitone cha nikeli mara nyingi hubaki pale juu, na huenda mnapima nikeli mkidhani ni kabaidi.

Kisha okeni chemba ya ombwe, yaani ipasheni moto, usiku kucha, mshuke hadi paskali 10⁻⁷ au chini zaidi, na mpashe ncha joto kwa muda mfupi kuisafisha. Valvu ya pampu iwe ya kujifunga umeme unapokatika, vinginevyo mafuta ya pampu yatarudi chembani na kazi yote imepotea.

Pandisheni volteji, kisha ishusheni, mkichora kwa mlinganyo wa wanafizikia Fowler na Nordheim wa 1928: logi ya mkondo uliogawanywa kwa mraba wa volteji, dhidi ya moja kugawanywa kwa volteji. Mistari ya kupanda na kushuka isipolaliana, uso umebadilika katikati ya kipimo, basi msikokotoe chochote kutokana na mteremko wake. Rezista (kizuizi cha mkondo) ya megaomu 10 ibaki kwenye saketi muda wote. Kwa mkondo wa maikroampea 1 inakula volti 10 tu, lakini cheche ikiruka ndiyo inayouokoa uzi.