Gia za baiskeli zinaruka ukipanda kilima cha Sipi? Weka bisibisi chini kwanza

Ndugu uliyenunua baiskeli ya mlima ya mtumba Kampala, ukasema gia zinaruka kwenye kilima, breki ya nyuma inalia na pancha haziishi: mimi ninapanda na kushuka kati ya Mbale na Kapchorwa kwa mtumba kama huohuo, na yote matatu yamenikuta.

Gia kwanza, maana hapo ndipo wengi tunaharibu. Zangu zilipoanza kuruka nilishika bisibisi wiki nzima, nakaza nalegeza zile skrubu mbili za kibadili gia cha nyuma. Kazi bure. Skrubu zile huzuia tu cheni isiangukie kwenye spoki wala kwenye fremu. Kumbe cheni ndiyo ilikuwa imekwisha. Tafuta rula ya inchi, weka sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 mbele yake. Cheni mpya inafika inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, nunua nyingine. Ikizidi kwa 1/8, meno ya nyuma nayo yamelika, na ukifunga cheni mpya peke yake itaruka kuliko ile ya zamani. Hilo nalo nililijua baada ya kutoa pesa.

Cheni ikiwa nzima, simama nyuma ya baiskeli utazame vile vigurudumu viwili vidogo vya kibadili gia. Vinatakiwa vining'inie wima. Vikiinamia spoki, kile kipande cha alumini kinachokishikilia kimepinda. Changu kilipinda baiskeli ilipolazwa juu ya taksi, mikungu ya matoke ikawekwa juu yake. Nikakinyoosha kwa koleo, kikakatika. Siku hizi natembea na cha akiba mfukoni, na baiskeli nailaza kwa ubavu wa kushoto.

Vyote viko sawa lakini cheni inasitasita kupanda gia kubwa ya nyuma? Waya wa gia umelegea. Zungusha kile kirekebishi cha waya (kipipa kidogo pale waya unapoingia kwenye kibadili gia) kinyume cha saa, robo mzunguko, ujaribu. Ikisita kushuka kwenye gia ndogo, mara nyingi ni matope ndani ya ala ya waya, ule mrija unaoufunika.

Na tafadhali, ile oili chafu ya injini wanayokupa bure steji ya boda usipake. Inashika vumbi jekundu, inakuwa kama msasa, inakula cheni. Futa kwa kitambaa, tia tone moja la mafuta mepesi kwa kila kiungo, kisha futa ya juu yote.

Breki inayolia, kama ni ya diski, mara nyingi imeguswa na mafuta. Fundi mmoja aliwahi kunipulizia mafuta kwenye diski "isipige kelele". Kelele iliisha, na breki pia! Nilishuka kutoka Sipi nikikokota baiskeli. Safisha diski kwa spiriti, sugua pedi kwa msasa. Zikiwa zimelowa mafuta sana, tupa.

Pancha: tazama mpira wa ndani kabla ya kubandika kiraka. Matundu mawili sambamba maana yake upepo ulikuwa mdogo, rimu ikabana mpira kwenye jiwe. Tundu moja mara nyingi ni mwiba, nao huenda bado umo ndani ya tairi. Upapase kwa vidole polepole. Tazama pia valvu. Ikiwa ile nyembamba, pampu ya boda haitaingia. Nunua kile kiunganishi kidogo cha shaba kabla ya safari. Mimi nilikaa Sironko nusu siku, nikala rolex mbili (chapati iliyoviringishiwa mayai), nikisubiri mtu mwenye pampu inayofaa.

Pedeli ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha upande wa saa. Mwambie fundi mapema, kabla hajaning'inia kwenye spana.