Ajira mpya, "nimesikia daktari" si "nitakwenda"

Alhamisi ya kliniki nilikuwa chumba cha pili nahesabu mRDT, vile vipimo vya haraka vya malaria, nikamsikia kijana wetu mpya akimfokea mama mmoja: "Mimba ya miezi saba ndiyo unakuja hudhurio la kwanza? Siku zote ulikuwa wapi?" Alikuwa ng'ambo ya mto, ndiko alikokuwa. Masika hii barabara imekatika mara mbili, na yeye kavuka viatu mkononi, khanga imelowa hadi kiunoni. Sikumkatiza kijana mbele ya mteja. Lakini sauti ile niliitambua. Ilikuwa yangu ya mwaka wa kwanza kazini.

Basi wadogo zangu mnaoripoti zahanati za huku Bonde la Rukwa na koti lililopigwa pasi, tukae tuongee.

1. Ripoti ya MTUHA, yaani takwimu za kituo za kila mwezi, iondoke kabla ya tarehe 7. Mtandao unashika kwenye kichuguu nyuma ya shule, asubuhi tu.

2. Oksitosini, sindano ya kuzuia mama asivuje damu akishajifungua, inakaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Ikishinda mezani kwa joto la bonde hili, utaichoma, utaandika umeichoma, na damu itaendelea kutoka.

3. Rufaa. Hapa mnivumilie.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja dada mmoja, mimba ya pili. Ya kwanza alijifungua kwa upasuaji. Kitu hicho mnakijua hata usingizini: mwenye kovu hazalii zahanati, maana kovu laweza kuachia kwenye uchungu. Nikamwambia ikifika wiki ya 36 apande Sumbawanga akasubiri uchungu karibu na hospitali. Akasema, "Nimesikia daktari." Nikaandika kwenye kadi: ameelekezwa hospitali. Hudhurio lililofuata, nikaandika tena. La tatu nikaandika kwa herufi kubwa, nikapiga na mstari chini, na nikamsema mbele ya wenzake kwenye benchi kwamba watu wa huku ni wakaidi, mnaambiwa hamsikii. Akainamisha kichwa. "Nimesikia daktari."

Mimi nililala usingizi mzuri kabisa. Kadi imejaa, kitabu namba 6 cha wajawazito kimejaa, kazi imekwisha.

Akaletwa saa nane usiku kwenye bodaboda, amekaa katikati, mama mkwe kamshikilia kwa nyuma. Alikuwa na uchungu tangu adhuhuri. Nilipomshika tumbo nilijua kovu limeachia, na mapigo ya mtoto niliyatafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana sikutaka kunyanyuka pale kitandani. Tukamwekea dripu. Gari tulilopata ni la mfanyabiashara wa mpunga, tukashusha magunia gizani. Wakati najaza fomu ya rufaa, andiko langu la nne sasa, mama mkwe akaniambia taratibu, bila ugomvi wowote: "Alikuwa anatafuta wa kumwachia mtoto tu."

Mtoto wa kwanza alikuwa na miaka miwili. Mume yuko ziwani anavua. Sikuwahi kuuliza.

Kupanda mlima wa Lyamba lya Mfipa kwenda Sumbawanga usiku wa mvua sitawasimulia. Mama alipona, mji wa mimba ukatolewa. Mtoto hakuwepo tangu kwenye bodaboda.

Linalonisumbua hadi leo ni kikao kilichofuata cha kujadili tukio lile. Kadi ilipita mkono kwa mkono, wakasoma yale maandishi yangu matatu, na nikasifiwa. Mtaalamu alitimiza wajibu, mteja hakuzingatia ushauri. Nikaitikia kwa kichwa kama mjinga. Kadi ile ilinilinda mimi. Yeye haikumsogeza hata hatua moja kutoka mlangoni kwake.

Mtaniambia siku hizi kuna m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito, unapiga 115 bure, na gari la wagonjwa likiwa mbali anatumwa dereva wa kawaida wa huku huku. Ni kweli, na ningekuwa nayo usiku ule ningeokoa saa kadhaa. Lakini 115 inakuja kwa dharura. Haiji kumchukua mama mzima, mwenye kovu, wiki ya 36, anayepalilia mpunga wake akicheka. Huyo anahitaji nauli, unga wa wiki tatu, mahali pa kulala na mtu wa kumshika mtoto. Huduma yake kwa sera ni bure. Unga haumo kwenye sera.

Kwa hiyo ukimaliza kusema "nenda," uliza: utafikia kwa nani, nyumbani anabaki nani, nauli iko mfukoni mwa nani? Kama ni mfukoni mwa mume, mwite mume. Kama yuko ziwani, mtume mhudumu wa afya wa kijiji kwa mama mkwe, tena aende wiki ya 30, msisubiri ya 36. Mimi nimewahi kuomba nauli kwa mwenyekiti wa kijiji katikati ya mkutano uliohusu ng'ombe walioingia mashambani. Walinicheka, wakachanga.

4. Magnesiamu ya kifafa cha mimba toa dozi ya kwanza kabla ya kusafirisha. Usimpeleke mtu barabarani na barua tupu.

5. Jifunzeni pikipiki. Ya kituo klachi yake ina wazimu, na kijana wetu wa Alhamisi ameshaanguka nayo mchangani mara mbili. Kesho anavuka nayo kwenda kliniki ya mkoba upande ule ule wa yule mama. Nimemwambia mtoni ashuke aisukume.