Jibu: Mteja karudi mara nne, mbona anahesabiwa mmoja?

Mkuu, ni kweli mbwa wa huyo mteja umemtunza mara nne, lakini pale Rover, ile programu ya kuwakutanisha wenye mbwa na paka na watunzaji, kwenye namba ya wateja wanaorudi wanahesabu watu, si oda. Akiweka oda ya pili kupitia programu yenyewe, anaingia kwenye wateja wanaorudi. Akiweka ya tano, bado ni yule yule mmoja. Mbwa kulala kwako siku kumi mfululizo nayo ni oda moja tu.

Tafadhali usikubali kulipwa pembeni ili kukwepa makato ya Rover. Kazi hiyo haihesabiwi, na mbwa akiumia utabeba mzigo peke yako.

Mimi naiamini namba hiyo ya wateja wanaorudi kuliko nyota wanazokupa wateja. Nyota tano mtu hutoa hata kwa adabu, ila funguo za nyumba hakuachii tena akirudi akakuta bakuli la paka kavu.