Jibu: Prado TX au TZ-G kwa safari za Ukerewe

Habari ndugu. Umeuliza kama kwa safari za Mwanza hadi Ukerewe, kupitia Bunda na kivuko cha Kisorya, uchukue Toyota Prado 150 ya toleo la TX au uongeze fedha upate toleo la juu, TZ-G. Mimi ningechukua TX. Springi zake za nyuma ni za chuma, na fundi wa kawaida huzibadilisha, ilhali TZ-G hubebwa nyuma na mifuko ya upepo ambayo, ikichakaa na kuvuja, gari huinama nyuma likilala limeegeshwa. Ukiipenda hata hivyo, kaikague asubuhi kabla haijawashwa. Ninalosisitiza zaidi ni matairi: yale ya lami hujaa udongo mweusi wa mbuga na kuteleza, hata ukiwa umeingiza 4L (gia nzito ya kuendesha magurudumu yote manne).