Umepangiwa kikosi cha kuzima moto mlimani? Soma hii kabla hujapanda

Mdogo wangu mmoja wa kazini alinipigia saa nne usiku, ameambiwa alfajiri apande gari na kikosi kinachokwenda kuzima moto hifadhini, na kazi yake sio kupiga moto, ni kuwashauri wenzake wasiharibu mimea na maji wakati wanazima. Akaniuliza, kaka mimi nafanya nini sasa huko? Tukaongea mpaka salio likaisha. Na kwa kuwa sio wa kwanza kuniuliza nimeona niandike hapa yale niliyoyaona Kilimanjaro, kwenye ule moto wa 2020 na wa 2022, ili wengine mnaokuja muanze mbali kuliko nilipoanzia mimi.

Naanza na kosa langu maana ndo lililonifundisha. Oktoba 2020 moto ulianza pale Whona, kati ya Mandara na Horombo, vile vituo vya kulala wapanda mlima, na watu waliopanda kuuzima walikuwa mamia, askari, wanafunzi, wapagazi, waongoza watalii, wanakijiji. Baadaye eneo lililoungua likapimwa kama kilomita za mraba 95. Kundi letu tulikuwa kama arobaini hivi. Kiongozi wetu, mtu mzima kuliko mimi na mwenye uzoefu, akasema tukate njia ya kuzuia moto kushuka moja kwa moja na mteremko, upana wa mita tatu, tuchimbe mpaka udongo mtupu. Pale chini kulikuwa na sehemu ya majimaji, chemchemi ndogo ile ambayo kiangazi unaiona kama tope tu, na mimi niliijua. Nikanyamaza. Nilijiambia huyu ni mkubwa wangu, moto unakuja, sio wakati wa kuongea mambo ya majani.

Moto haukufika hata kwenye ile njia, upepo uligeuka. Vuli ikaja. Niliporudi Januari, upande ulioungua ulikuwa na majani mabichi yanachomoza kwenye mafundo yake, yaani vichungu vyenye mizizi, na erika kadhaa, ile mimea ya vichaka vya juu mlimani, zinachipua kutoka chini ya shina jeusi, lakini njia yetu tuliyoikata kwa majembe ilikuwa korongo, limenifika magotini, na udongo wake wote umeingia kwenye ile chemchemi. Yaani moto ulikuwa umeacha mizizi, sisi ndo tuliing'oa.

Hilo ndo jambo nataka mlishike kuliko mengine yote. Ukanda ule wa erika na majani ya mafundo umezoea kuungua mara mojamoja, ukiungua mara moja unajirudishia kutoka kwenye mizizi, tatizo ni ukiungua tena na tena bila kupumzika. Lakini mmea uliong'olewa na sururu kwenye mteremko wa mita elfu tatu na mia tano, mahali penye barafu usiku na jua kali mchana, hauna pa kuanzia. Kwa hiyo ukifika kwenye moto usiulize tu moto uko wapi, uliza pia majembe yako wapi na yanaelekea wapi.

Sasa watu huniuliza kwani hiyo kazi ya kushauri ipo kweli au ni mambo ya semina. Ipo. Marekani ni nafasi rasmi kwenye mioto yao, mshauri wa rasilimali, anakaa na mkuu wa operesheni, anamwambia hapa kuna chanzo cha maji, hapa kuna makaburi ya kale, hapa kuna mmea adimu, na mkuu ndiye anayeamua. Kwenye yale maeneo yao ya pori yaliyolindwa kwa sheria ya mwaka 1964 hata msumeno wa injini kuuwasha kunahitaji ruhusa, wanafundishwa kutumia njia inayoacha alama ndogo kadiri inavyowezekana. Sisi mazingira yetu ni tofauti, watu wetu wengi ni wa kujitolea na zana ni panga na matawi mabichi, lakini wazo lenyewe ni lilelile na linabebeka.

Kabla ya yote, mahusiano. Ukifika usianze na "msifanye hiki". Fika kambini, wasalimie wakubwa, shikamoo yako iwe ya kweli, mtafute kiongozi wa kikosi mapema kabla watu hawajagawiwa zana na umwombe dakika tano tu. Mwambie waziwazi kwamba uhai wa watu unatangulia, kwamba moto ukigeuka na watu wako hatarini wakate chochote, wapite popote, hata juu ya lobelia, ile mimea mikubwa ya juu mlimani, na wewe hutafungua mdomo. Akishalisikia hilo kutoka kwako, mengine atakusikiliza. Usipolisema atakuona ni mtu wa ofisini aliyekuja kuhesabu maua.

Halafu kila ukimwambia mtu "sio hapa" uwe na "ila pale" tayari. Hii nimeiona ikifanya kazi kila mara. Kiongozi ana watu arobaini wamesimama wana majembe mkononi, wewe ukisema tu pale pana chemchemi umempa tatizo, lakini ukimwambia mzee wangu, mita mia mbili juu kuna mwamba umelala mpaka kwenye bonde la mto, tukiusafisha ukingo wake tu tumepata kizuizi bila kuchimba, umempa jibu na umewapunguzia watu wake nusu siku ya kazi. Mlima ule umejaa vizuizi vya bure. Njia za watalii zimeshakanyagwa mpaka udongo mtupu, mabonde ya mito, mawe ya zamani ya volkano, sehemu zilizoungua jana. Chukua ramani usiku, chora hizo kwanza, kisha angalia palipobaki wazi ndo mkate, na mkikata mfyeke majani juu ya ardhi na kuyakwangua, msichimbe kina bila sababu. Sehemu moja tu ya kuchimba kwa kina ni pale moto umezama chini, kwa sababu ule udongo mweusi wenye mizizi iliyooza unaweza kufuka chini kwa chini siku nyingi, unauacha umezimika juu na keshokutwa unatokea mita kumi mbele. Hapo weka mkono karibu na ardhi usikie joto, chimba palepale penye joto, changanya na maji kama yapo, funika.

Na upepo ujue. Mchana hewa inapanda mlima, usiku inashuka, na usiku kuna baridi na unyevu zaidi. Mara nyingi kusubiri usiku kumeokoa kipande cha msitu ambacho mchana tungekikata bure. Lakini usiku una baridi ya kuua na watu wetu wengi wanapanda na koti moja, kwa hiyo usipendekeze kusubiri kama watu hawana nguo wala chai ya moto, hapo utakuwa unalinda miti kwa afya za watu.

Tuje kwenye mimea yenyewe. Senesio kubwa, ile yenye shina nene na kichwa kama kabichi, inavaa majani yake makavu kama sketi kuzunguka shina. Mara nyingi nimekuta watu wenye nia njema kabisa wanazinyoa hizo sketi kwa panga ili moto usipate cha kushika. Wazuie kwa upole na waeleze sababu, yale majani ndo blanketi lake dhidi ya baridi ya usiku. Bora ufyeke majani ya chini kuizunguka, hatua mbili tatu, uiache na nguo zake. Mimea hii inakua polepole sana, ile ndefu kukuzidi huenda ina umri mkubwa kuliko babu yako, na kijana wa miaka ishirini ukimwambia hivyo anashusha panga mwenyewe, nimeshuhudia. Lobelia nayo inahifadhi maji kwenye majani yake, watu wasiikate eti wapate maji ya kumwagia moto. Maji yenyewe ni kidogo, hayazimi moto.

Erika ndo usingizi wangu unapokatikia. Watu wanaiona kama kichaka tu, lakini erika na zile ndevu za kijani zinazoning'inia juu yake zinakamata ukungu, ukungu unakuwa matone, matone yanashuka kwenye udongo, ndo maji ya mito. Watafiti waliopima mimea ya mlima huu kwa miaka mingi, akiwemo Andreas Hemp, wameonyesha kwamba mioto ya kurudiarudia imeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Watu wanaangalia barafu ya kilele cha Kibo inavyoisha na wanasikitika, na mimi nasikitika, ila maji yanayoingia kwenye mifongo ya Wachaga, ile mifereji yao ya kumwagilia, yanayoshuka mpaka mto Pangani na bwawa la Nyumba ya Mungu, mengi yanatoka kwenye msitu, hayatoki kwenye barafu. Kwa hiyo ukiwa na watu kumi tu na sehemu mbili za kuokoa, moja ni majani wazi kule juu na nyingine ni kipande cha erika ndefu zenye ndevu, sema bila kigugumizi, erika. Majani yatarudi msimu ujao.

Maji pia yanaharibiwa na sisi wenyewe. Pampu ya petroli ikiwekwa ukingoni mwa kijito bila turubai chini, tone la kwanza linalomwagika wakati wa kujaza tenki limeshaingia mtoni. Sisitiza turubai, na kujaza mafuta kufanyike mbali na maji. Ikija ndege au helikopta yenye povu au dawa ya kuzimia, wape rubani na watu wake alama za mito kwenye ramani mapema, Wamarekani wanaacha futi 300 kila upande wa maji, kama mita 90, na mimi ndo kipimo ninachoomba. Choo kiwe mbali na kijito, chimba mapema kabla watu mia tatu hawajajitafutia wenyewe. Na chupa za plastiki! Kila anayepanda anapewa chupa mbili tatu za maji, zidisha kwa watu na siku. Niliwahi kuomba wapagazi wanaoshuka mikono mitupu baada ya kupeleka chakula wapewe kila mmoja mfuko wa chupa, wakakubali bila neno, wale watu wanaupenda mlima kuliko wengi wetu wenye vyeo.

Kitu kingine, zungumza na wazee wa vijiji vya chini. 2022 moto ulipoanza karibu na kambi ya Karanga, kabla ya kupanda nilipita kwa mzee mmoja anayehusika na mfongo wa kijijini kwake, nikakaa naye nusu saa tu. Alinitajia vyanzo vinne ambavyo kwenye ramani yangu havikuwepo, viwili vikiwa palepale tulipopanga kuweka kambi. Tukahamisha kambi. Huyo mzee hakuwa kwenye kikao chochote wala hakupata posho yoyote, na kwa maoni yangu watu kama yeye wanatakiwa wapigiwe simu siku ya kwanza, sio siku ya shukrani.

Mbegu ngeni nazo zinapanda na viatu. Watu wametoka mashambani, udongo umejaa kwenye soli, majembe yametoka kwenye migomba. Kwenye njia za watalii mlimani tayari kuna majani ya kigeni yaliyofika hivyohivyo, na ardhi iliyoungua iko wazi kupokea chochote. Brashi mbili na ndoo ya maji getini, kila mtu apige soli na jembe lake dakika moja. Watakucheka siku ya kwanza, siku ya tatu wanapanga foleni wenyewe.

Halafu andika. Kila siku jioni andika mahali mlipokata njia, urefu, upana, piga picha na alama ya jipiesi, kwa sababu moto ukizimika kila mtu anataka kushuka, viongozi wanatoa shukrani, magari yanaondoka, na hapo ndo kazi yako inakuwa imefika nusu. Zile njia zote mlizokata lazima zifungwe kabla ya mvua. Rudisha udongo na mafundo ya majani mliyoyatoa, kama yalihifadhiwa pembeni na mizizi ikafunikwa isikauke mengi yatashika. Tandaza matawi juu. Kwenye mteremko weka makinga maji, mtaro mdogo wa kukatisha njia kwa mshazari ili maji yatoke pembeni yasipate kasi, mteremko mkali yawe karibukaribu, hata kila hatua kumi.

Mwambie kiongozi siku ya kwanza kabisa kwamba utahitaji watu kumi na tano wabaki siku mbili baada ya moto kuisha, na aandike kwenye mpango na chakula chao kihesabiwe, kwa sababu ukiomba siku ya mwisho hawapo. 2022 niliomba mapema, nikabakiziwa kumi na mmoja. Tulifanya makinga kwenye njia tatu, ya nne ilitushinda maana ukungu ulishuka na mvua ikaanza saa nane mchana, tukatandaza matawi tu tukashuka. Ile ya nne ndo ninayokwenda kuiangalia kila mwaka mvua zikiisha.