Tope la majitaka kwenye mikaratusi: potasiamu usiisahau

Mkuu, umeuliza kama tope la majitaka lililotibiwa linaweza kuchukua nafasi ya mbolea yote ya dukani kwenye mikaratusi yako. Yote, hapana. Brazili wamelijaribu huko Itatinga, jimbo la São Paulo, kwa tope kutoka mtambo wa kusafisha majitaka wa Barueri, na miti ilinawiri. Ila tope huwa na nitrojeni na fosforasi nyingi, potasiamu kiduchu, maana yenyewe huyeyuka ikaondoka na maji. Kwenye udongo wa kichanga usipoiongeza, utaona majani ya chini yanaungua kingoni na mti unapunguza kasi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vibarua watakaolibeba. Mayai ya minyoo yanaweza kukaa hai muda mrefu hata tope likionekana kavu kabisa, kwa hiyo buti na glavu ni lazima, na tafadhali usichanganye mboga katikati ya mistari. Halafu dai majibu ya maabara ya metali zenye sumu, yaani kadimiamu, kromiamu na risasi, kabla lori halijaingia shambani. Kama mji linakotoka tope hilo una viwanda vya ngozi au betri vinavyomwaga kwenye mfumo uleule wa majitaka, bila majibu hayo mimi nisingelipokea hata bure.