Pikipiki ya Safari Ikigonga Ukivuta Mafuta, Anza Kutafuta Nyuma

Anayetoka Dodoma kwenda Iringa kwa pikipiki kubwa hahitaji mashine ya kumwambia kama kuna kitu kimelegea kati ya injini na tairi la nyuma. Matuta yanatosha. Kila kijiji hadi Mtera unaachia mafuta, unavuka tuta, unavuta tena, na kama kuna pleyi, yaani nafasi ya kucheza, iliyozidi utasikia "ko!" chini ya miguu na kiti kikikusukuma kidogo.

Sikiliza mlio unatokea lini. Pleyi hugonga pale tu nguvu inapogeuka, injini ikitoka kuzuia kwenda kuvuta, au kinyume chake. Ndiyo maana ukishuka Nyang'oro kwa gia ndogo bila kugusa mafuta unaweza usisikie kitu kabisa, kwa kuwa muda wote cheni imevutwa upande mmoja. Mlio ukiendelea hata pale unaposhikilia mafuta bila kubadilisha, hiyo si pleyi. Tafuta beringi, au cheni yenye pingili zilizokaza.

Naandika haya kwa sababu nimewaona wenzangu wengi wakiambiwa, "Kaka, gia boksi imekwisha hii," baada ya fundi kutikisa tairi mara mbili tu. Injini inashushwa, inafunguliwa, hela inakwenda, na tatizo lilikuwa kwenye raba za habu, zile zinazopunguza mshtuko kati ya sproketi kubwa na tairi. Mafundi wetu wa bodaboda wana mikono mizuri, nawaamini, lakini wamezoea pikipiki nyepesi. Pikipiki ya cc 800 au 1200 yenye masanduku pembeni na mtu nyuma inachosha vitu vingine, na kwa mpangilio mwingine.

Jambo la kwanza ni kukubali kwamba pleyi kidogo ni haki yake. Ndani ya gia boksi, gia hushikana kwa meno mafupi yanayoingia kwenye matundu ya gia jirani, na lazima kuwe na nafasi, la sivyo gia haitaingia. Weka pikipiki kwenye dabo stendi, zima injini, toa ufunguo, ingiza gia, kisha zungusha tairi mbele na nyuma kwa mkono. Litacheza hata likiwa jipya. Ninachoshauri ni kufunga kipande cha waya kwenye mkono wa nyuma, yaani chuma kinachoshika tairi la nyuma, ncha yake iwe karibu na ukingo wa tairi, na kuweka alama ya chaki tairi linapogota kila upande. Fanya hivyo wakati pikipiki ni nzima na uandike umbali ule. Siku ikianza kugonga utakuwa na cha kulinganisha, na hutategemea macho ya mtu mwingine.

Sasa rudia kipimo kile gia ya kwanza, halafu gia ya juu kabisa. Pleyi iliyo nyuma ya gia boksi, yaani sproketi, cheni na raba, haijali uko gia gani. Mchango wake tairini ni ule ule. Iliyo upande wa klachi, yaani mbele ya gia boksi, huonekana kubwa ukiwa gia ya juu na ndogo ukiwa gia ya kwanza, kwa sababu gia ya kwanza hupunguza sana mzunguko kabla haujafika nyuma. Na kama ni gia moja tu inayocheza kuliko zote, hapo mashaka yako kwenye meno ya gia hiyo. Kipimo hiki hakina gharama yoyote na mara nyingi kinaokoa injini isifunguliwe bure.

Kwenye cheni usikimbilie kukaza. Hili ndilo kosa linaloniuma kuliko yote kuliona gereji: mtu analalamika inagonga, cheni inakazwa hadi inalia kama waya wa gitaa, mlio unapungua, kila mtu anafurahi. Pikipiki za safari zina shokapu ndefu. Ukipakia mizigo na kupita kwenye mashimo, mkono wa nyuma unapanda na cheni inazidi kujikaza yenyewe, na mzigo wote unaishia kwenye beringi ya shafti ya sproketi ndogo. Hapo ndipo gia boksi inapokwisha kweli. Nyingi za lami hutaka milimita 25 hadi 35 za kulegea, za safari 35 hadi 45 au hata zaidi. Kipimo cha pikipiki yako kiko kwenye kitabu chake, na mara nyingi kwenye stika iliyobandikwa mkono wa nyuma. Pima mahali cheni ilipokaza zaidi, ukizungusha tairi kidogo kidogo.

Cheni za saizi 520, 525 na 530 zote zina milimita 15.875 kati ya pini na pini, kwa hiyo pingili 20 mpya ni milimita 317.5. Ikikaribia 323, iondoe pamoja na sproketi zote mbili. Na usiisafishe kwa petroli ikiwa ina oringi. Mafuta ya taa yanatosha.

Halafu raba. Mwombe mtu akanyage breki ya nyuma, wewe ushike sproketi kubwa pembeni, mbali na cheni, na uizungushe mbele na nyuma. Raba nzima hukataa mara moja. Zilizochoka zinaiacha sproketi itembee bure kwanza, ndipo zikaikamata. Ukivua tairi utazikuta zimebonyea, ziking'aa upande mmoja. Wapo wanaozikaza kwa vipande vya tyubu ya zamani. Inasaidia kukufikisha nyumbani, lakini raba mpya ndiyo dawa. Ukiwa umevua tairi, ingiza kidole kwenye beringi ya kibebeo cha sproketi uizungushe. Ikikwaruza, badilisha papo hapo.

Sproketi ya mbele ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa imefichwa na kava. Fungua kava. Kwenye baadhi ya pikipiki sproketi hiyo huachwa icheze kidogo kushoto na kulia, na ni sawa. Isichotakiwa ni kuzunguka juu ya shafti bila shafti kuzunguka. Dalili yake ni unga mwembamba mwekundu kwenye meno ya shafti, kutu inayosagwa na chuma kwa chuma. Kwa sisi wa Dodoma hapo pana mtego, maana vumbi letu nalo ni jekundu. Kwangua grisi na tope lote, futa pakauke kabisa, rudisha kava, kisha zunguka na pikipiki kwenye lami tu, mfano hadi Kibaigwa na kurudi. Fungua tena. Vumbi la barabarani litakuwa limetanda juu juu. Kutu itakuwa imetoka ndani, kwenye mstari ule ule ambapo meno ya sproketi yanakutana na ya shafti, na ukiipaka kidoleni inaacha rangi ya kahawia.

Wenye pikipiki za shafti, zisizo na cheni, mna kazi fupi zaidi na bei kubwa zaidi. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi za difu ya nyuma zinaomba kuangaliwa. Mwaga oili yake na utazame sumaku ya nati ya chini. Ute laini wa kijivu ni kawaida, vipande vyenye makali si kawaida. Kros, yaani viungo vya shafti, zinataka fundi atoe kava la mpira na azishike kwa mkono.

Ukishapita hapo kote na kipimo cha gia bado kinaelekeza mbele, mwambie fundi aanze na upande wa klachi, kwa kuwa kwenye pikipiki nyingi springi za kikapu chake hufikiwa kwa kufungua kava la pembeni, injini ikiwa bado kwenye fremu.